Mtaalamu pekee tuliye naye ni mzazi wa mwanafunzi wangu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mume na watoto wawili. Tangu mama yangu afariki mwaka jana usingizi umenipotea. Nikiwa darasani moyo unaanza kwenda mbio na mikono kutetemeka, inabidi nitoke nje kidogo nikijifanya nafuata chaki. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Nimeamua kutafuta msaada, lakini tunapoishi ni padogo na kila mtu anamjua mwenzake. Mshauri nasaha ni mmoja tu, na mtoto wake yuko darasani kwangu. Binti wa mapokezi pale ninaimba naye kwaya moja. Nikionekana mlangoni mwao, habari itafika nyumbani kabla yangu. Mume wangu anasema nivumilie, watu wasije wakadhani nimerukwa na akili. Nifanyeje?
Mwalimu

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama.

Kabla ya habari za mlango na mapokezi, nirudi kwenye sentensi uliyoipitisha haraka katikati ya barua: kwamba kuna siku unatamani ulale usiamke. Nakuuliza waziwazi, kama mtaalamu yeyote mzuri atakavyokuuliza. Je, ni uchovu wa kutaka maumivu yakome, au umeshaanza kufikiria kujidhuru na namna ya kufanya hivyo? Usiogope swali hili. Limechunguzwa sana, na kumuuliza mtu hivi hakumtii wazo kichwani. Kama jibu lako ni hilo la pili, au likigeuka kuwa la pili usiku wowote, weka pembeni yote ninayoandika hapa chini. Piga namba ya dharura au nenda hospitali iliyo karibu, na usikae peke yako mpaka umefika. Na hata kama jibu ni la kwanza, mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini leo hii, kwa maneno yale yale uliyoniandikia. Kama kuna dawa zilizolimbikizana nyumbani, mwombe mtu huyo akutunzie.

Sasa tuje kwenye woga wako. Ninavyoisoma barua yako, hofu tatu zimefungwa fundo moja, ndiyo maana unaona hakuna pa kupitia. Unaogopa kuonekana ukiingia. Unaogopa siri yako kutoka. Na unaogopa kuendelea kuishi jirani na mtu anayejua ya moyoni mwako. Kila moja ina namna yake ya kushughulikiwa.

Nianze na hiyo ya mwisho kwa sababu ndiyo nzito, na maoni yangu ni haya: huyu mshauri asiwe mtaalamu wako. Sisemi ni mtu mbaya, simjui. Sababu ni kwamba wewe ndiye unayesahihisha daftari za mwanawe. Itafika siku mtoto apate alama za chini, au umwite mzazi wake mzungumzie nidhamu, na mtakaa mmetazamana huku yeye akijua kwamba wiki iliyopita ulitetemeka darasani na ukatoka. Atakuwa anamwona mteja wake au mwalimu wa mwanawe? Na wewe utakapoketi mbele yake kwa ajili ya tiba, utachuja kila neno. Hutamwambia kwamba darasa limekushinda, kwa sababu mwanawe yumo humo. Tiba ya maneno yaliyochujwa haifiki mbali.

Wataalamu wenyewe wana miiko kuhusu jambo hili. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kwa mfano, kinamtaka mwanasaikolojia asiingie katika uhusiano wa pili na mtu anayemhudumia pale uhusiano huo unapoweza kupotosha uamuzi wake au kumuumiza mhusika. Lakini kanuni hiyo hiyo inakiri kwamba si kila uhusiano wa namna hiyo ni kosa, na hilo ni la maana sana kwa watu wa sehemu ndogo. Ingekuwa mnaonana ibadani tu, au nyumba zenu zinatazamana, ningekwambia nenda kazungumze naye kwanza uone. Kinachonizuia hapa ni mamlaka uliyonayo juu ya mtoto wake.

Hata hivyo usimruke, maana anaweza kukufungulia njia. Mwandikie ujumbe mfupi: “Natafuta mtaalamu wa kuzungumza naye. Kwa kuwa namfundisha mwanao, naona si vyema awe wewe. Yupo mwenzako unayemwamini, hata kama yuko mbali au anahudumia kwa simu?” Usieleze zaidi ya hapo. Wataalamu hujuana, husoma pamoja, hupelekeana watu, na jina moja kutoka kwake linaweza kukuokoa miezi ya kutafuta gizani. Anayeijua kazi yake atakushukuru kwa kuliona jambo hilo mapema, atakupa jina, na hatakuuliza una tatizo gani. Ujumbe huo nao ni siri anayopaswa kuitunza.

Kuhusu kuonekana, anzia kwenye kituo cha afya cha kawaida. Mlango ule hupitwa na wenye mafua, wajawazito na waliojikata vidole, na hakuna anayejua umefuata nini. Mweleze daktari au muuguzi habari ya usingizi na moyo kwenda mbio. Ni vizuri kuanzia hapo hata kama usingekuwa na la kuficha, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya thairoidi huweza kuleta uchovu, moyo kwenda mbio na kutetemeka, na kipimo cha damu hulimaliza swali hilo. Huenda pia akakupa dodoso fupi la maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, linaloitwa PHQ-9, linalosaidia kupima uzito wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Swali la mwisho ni kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Lijibu kwa ukweli. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao mhGAP wa kuwaandaa wahudumu wa afya wasio mabingwa wa akili kutambua na kutibu matatizo kama haya, kwa hiyo usidhani muuguzi wa kawaida hana la kukusaidia. Mwombe barua ya rufaa.

Halafu kuna simu. Kwa sonona na wasiwasi, tafiti nyingi zimeona tiba ya mazungumzo kwa simu au video ikisaidia kwa kiwango kinachokaribiana na ile ya ana kwa ana. Kwa mtu wa mahali padogo hii ndiyo njia ninayoipenda zaidi, ila kazi ya kutafuta faragha inahamia kwako. Vaa vipokea sauti vya masikioni ili angalau upande wa mwenzako usisikike. Chagua saa ambayo watoto hawapo. Zima ujumbe unaojitokeza wenyewe kwenye kioo cha simu, hasa kama watoto huichezea. Mkubaliane neno la kawaida kabisa ambalo ukilitamka atajua mtu ameingia, na mazungumzo yatageukia mambo ya kazi. Mkubaliane pia mtafanya nini mawasiliano yakikatika ukiwa unalia, na apewe jina la mtu wa kumpigia ikiwa atahofia usalama wako. Kama yuko nchi nyingine, muulize ikiwa sheria zinamruhusu kumhudumia mtu aliye ulipo wewe.

Sasa hofu ya siri kutoka. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani anayeangusha siri ni mtaalamu mwenyewe. Kutunza siri ya mgonjwa ni kiapo cha zamani mno, kimo hata katika kiapo cha Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, chenye zaidi ya miaka 2,000, na mtaalamu aliyesajiliwa akikivunja anaweza kupoteza leseni. Sehemu ndogo siri mara nyingi huvujia pembeni: daftari la miadi lililoachwa wazi mapokezi, sauti inayopenya ukuta mwembamba, dai la bima linalopitia ofisi ya mwajiri. Kwa hiyo, yeyote utakayempata, muulize kabla hujasimulia lolote: Nani anaona jina langu? Maandishi yako unayaweka wapi, na ufunguo ni wa nani? Nikilipa kwa bima, mwajiri wangu ataona nini? Naweza kupewa miadi ya kwanza asubuhi au ya mwisho jioni, nisikutane na mtu kwenye benchi?

Lipo na swali ambalo wengi hawalijui. Wataalamu wengi wana msimamizi, yaani mwenzao mzoefu wanayemweleza kesi zao ili awaongoze. Majina hufichwa, na kwingineko hilo linatosha. Lakini penye shule moja, ukisema “mwalimu wa kike aliyefiwa na mama mwaka jana”, umeshataja jina. Muulize msimamizi wake anaishi wapi, na mwombe abadilishe hata kazi yako anapomsimulia msimamizi habari zako. Asione swali hili ni la dharau. Na muulize pia mipaka ya usiri, kwa maana ipo: kwa kawaida atalazimika kusema kama maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, kama kuna mtoto anayedhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Anayekuahidi siri isiyo na mpaka wowote hajui kazi yake au anakudanganya.

Ishara mbaya kuliko zote ni hii: akianza kukutolea mifano ya “mama mmoja hapa hapa kwetu niliyemsaidia”, shukuru, inuka, ondoka. Kesho huyo mama ni wewe. Umwepuke vilevile anayekuhakikishia utapona kwa siku kadhaa, na asiyetaka kukuonyesha usajili wake.

Kama utaishia kwa mtu mnayeweza kukutana naye njiani, zungumzeni salamu. Wataalamu wengi husubiri wewe uanze kuwasalimu, wasije wakakuumbua. Lakini kwenye watu wachache kupitana bila salamu ni sawa na kupiga mbiu. Amueni mapema: mtasalimiana kama watu wote, na hakuna atakayegusia mazungumzo yenu nje ya chumba chenu.

Usije pia ukaamini kwamba mtu wa karibu hawezi kukusaidia kabisa. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha Friendship Bench: wanawake wa makamo na wazee kutoka jamii hizo hizo, waliofunzwa njia ya kutatua matatizo hatua kwa hatua, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi katika viwanja vya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA ulionyesha waliokaa kwenye benchi hizo walikuwa na dalili pungufu baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wale bibi wanafahamika na watu wao. Kilichowapa imani ni mafunzo, usimamizi, na mahali penye utaratibu. Kwa hiyo kama kuna muuguzi mstaafu au kiongozi wa dini mwenye kifua, aliyefunzwa kusikiliza, anaweza kukushika mkono wakati unasubiri miadi. Asichukue tu nafasi ya tiba, maana hali yako imeshafika kazini.

Kuhusu mume wako, usibishane naye juu ya neno wazimu, hamtafika popote. Mweleze usiku wako ulivyo. Mwambie saa unazoamka, mwambie kuhusu chaki. Yeye ameona mke anayeamka na kwenda kazini kila siku, na anaamini uvumilivu unafanya kazi. Ukishakuwa na barua ya daktari, mwonyeshe, na mpe kazi halisi: awatoe watoto nje saa ya simu yako. Mtu aliyepewa la kufanya huacha kuhubiri. Kama bado atakataa, endelea na matibabu yako. Ruhusa yake si sharti la wewe kulala usingizi.

Ukimpata mtaalamu, mpe mikutano mitatu au minne kabla hujamhukumu. Wa kwanza mara nyingi ni maswali tu, na hulazimiki kutoa yote siku hiyo. Maelewano kati yenu ni moja ya vitu vinavyoonyesha kama tiba itasaidia, kwa hiyo kama kila ukitoka unajihisi hukusikilizwa, mwambie. Akijirekebisha, baki. Asipojirekebisha, una haki ya kuondoka, na ninajua kwenu kuondoka ni kugumu kwa kuwa mtaendelea kuonana sokoni na misibani. Usitoroke wala usizime simu. Mwandikie hivi: “Nashukuru kwa muda wako. Nimeona nitafute mtu mwingine, na ningependa unielekeze kwake.” Hiyo inatosha, na hudaiwi maelezo.

Shangazi