Mwanangu, hizo hisa za gemu zibaki bila pesa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sote tu wazima, na goti la baba yako limepata nafuu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia ili nielewe vizuri. Unasema wewe na wenzako huko kazini Montreal mna soko lenu la kuchezea. Kila gemu inayosubiriwa ina hisa yake, mnauziana kwa sarafu za bandia, na bei ya hisa inaonyesha nakala ngapi mnadhani zitauzwa. Wewe ndiye unayeongoza. Sasa mmoja wenu anataka kila mtu aweke dola za kweli, nawe unaniuliza: kama nabashiri vizuri kwa pesa ya kuchezea, kuna ubaya gani kuhamia kwenye ya kweli?

Usihamie. Na usidhani ni yale mahubiri yangu ya kamari. Vijana wa mikeka wamejaa hapa mtaani, nimeshachoka kuwasema. Jambo lako ni la namna nyingine.

Mchezo wenyewe nauheshimu sana. Wajua miaka yangu ya kazi imeishia kwenye nyumba ya vitabu, nikipanga tuchape nakala ngapi. Katika vile vikao kila mtu alikuja na namba yake. Mhariri alitaka nyingi kwa kuwa kitabu anakipenda. Mtu wa ghala alitaka chache kwa kuwa mzigo ukidoda atakaa nao yeye. Namba ilikuwa maneno tu, aliyeitaja hakutozwa kitu. Kwenye soko lenu, anayesema gemu itauza nakala milioni tano hana budi kununua kwa bei hiyo, na akikosea, salio lake linapungua wenzake wakiona. Anayeona bei imevimba, anauza. Laiti ningekuwa na kitu kama hicho wakati ule, yale maboksi yaliyozeeka ghalani yasingekuwa mengi kiasi kile.

Nanyi si wa kwanza. Marekani wana Hollywood Stock Exchange tangu 1996. Huko hisa ni za filamu, na pesa ni za kuigiza. Hisa ikiuzwa kwa 150, maana yake wachezaji wanaamini filamu hiyo itaingiza dola milioni 150 kwenye majumba ya sinema ya huko katika wiki nne za mwanzo. Kwa upande wa gemu, miaka ya 2000 ilikuwapo simExchange, watu wakinunua na kuuza hisa za gemu ambazo bado hazijatoka, kwa sarafu ya kuchezea waliyoiita DKP. Na kabla ya hapo, miaka ya 1990, kampuni ya Hewlett-Packard ilijaribu soko dogo la ndani, wafanyakazi wachache wakibashiri mauzo ya printa. Mara nyingi bei za soko hilo zilikaribia ukweli kuliko makisio rasmi ya kampuni.

Mwenzako atakwambia pesa ya kweli huwafanya watu wafikiri zaidi. Hata mimi ningedhani hivyo. Lakini mwaka 2004 ulitoka utafiti uliolinganisha soko la pesa za kuchezea na soko la pesa halisi, yote mawili yakibashiri mechi za futiboli ya Kimarekani, na usahihi wao ukaonekana hauna tofauti ya maana. Kama ni kujua gemu itauza kiasi gani, sarafu zenu za bandia zinatosha. Dola haziongezi ujuzi. Zinaongeza kitu kingine, na hicho ndicho kinachonitia wasiwasi.

Wewe mwanangu kazi yako ni kukagua gemu kabla hazijatoka. Unajua ipi imejaa hitilafu na ipi itaahirishwa, tena unajua miezi mingi kabla ya mteja. Niambie kweli, unaongoza kwa sababu ya akili yako tu? Akili unayo, silipingi hilo. Ila nadhani nusu ya ushindi wako inatoka kwenye kile unachokiona mezani kwako kila siku. Kwenye soko la kuchezea hilo si kosa, bali ndilo linalotakiwa. Hewlett-Packard waliwaita wafanyakazi wao makusudi, ili yale yaliyofichika kwenye vichwa vya watu yajitokeze kwenye bei. Ukiweka dola, taarifa ileile inageuka siri ya mwajiri uliyoitumia kujipatia pesa. Na pesa hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwa wenzako wa idara nyingine, wasioona unachokiona, na ambao kesho utakula nao chakula cha mchana.

Hata sheria za nchi hupata shida na mambo haya. Mwaka 2010 walikuwapo waliotaka kufungua soko la kweli la kubashiri mapato ya filamu huko Marekani, na msimamizi wa masoko hayo akaridhia. Haukupita muda, Bunge lao likapiga marufuku. Wenye studio walikuwa wamepinga kwa nguvu, na hoja mojawapo ilikuwa hiyohiyo ya wenye kujua siri. Cha kuchekesha, kitu kingine kilichopigwa marufuku ya namna hiyo huko ni soko la kubashiri bei ya vitunguu, tangu 1958, baada ya wafanyabiashara wawili kuhodhi vitunguu vya Chicago na kuiporomosha bei.

Halafu kuna suala la mwamuzi, yaani nani atasema nakala ngapi zimeuzwa kweli, ambalo naona hamjalifikiria. Filamu ina mapato yanayotangazwa kila wiki. Gemu je? Gemu ya Wii Sports imehesabiwa nakala zaidi ya milioni 80, lakini katika nchi nyingi ilikuja ndani ya boksi la Wii, mashine ya kuchezea gemu ya Nintendo. Aliyenunua mashine alinunua gemu, au alipewa? Leo mtu analipia huduma kama Game Pass kwa mwezi na kucheza asichokinunua, kampuni nayo inatangaza idadi ya wachezaji badala ya nakala. Kwa sarafu za bandia mtabishana, mtacheka, mtagawana tofauti. Kwa dola mtagombana.

Na usijiamini mno kwa rekodi ya miezi michache. Wii ilipotoka mwishoni mwa 2006 wengi waliiona ni kichezeo cha watoto mbele ya mashine shindani ya PlayStation 3, nayo ikauza mashine zaidi ya milioni 100 na kuipita. Waliojifunza somo hilo wakaiamini Wii U, mashine iliyoifuata, mwaka 2012. Haikufika hata milioni 14.

Kwa hiyo endelea kucheza, tena kwa bidii. Kila unaponunua au kuuza, andika sababu pembeni, na utenganishe yale uliyoyajua kazini na yale uliyoyatoa kwenye vitu ambavyo mtu yeyote angeviona: tarehe ya kutoka, bei ya gemu, gemu nyingine zinazotoka wiki hiyo, mauzo ya toleo lililotangulia. Fungu hili la pili likikaa sawa kwa muda mrefu, hapo una ujuzi wa kumwonyesha mtu, maana kampuni za gemu zina idara za kukadiria mauzo na zinalipa mshahara kwa kazi hiyo. Ningependa ulipwe kwa njia hiyo.

Huyo mwenzako usimjibu kwanza. Tafuta mkataba wako wa kazi, usome sehemu ya siri za mwajiri, ukiwa na maswali unipigie. Jumapili nipo nyumbani kuanzia saa nane mchana kwa saa zetu.

Mama yako