Wasomaji Wanauliza: Bình Phước imekwenda wapi?

SWALI: Nalima korosho hapa Manyoni. Mwaka juzi mnunuzi wa Vietnam alitupa anwani ya mkoa wa Bình Phước. Karatasi za sasa zimeandikwa Đồng Nai, jina la kampuni ni lile lile. Ndugu wahariri, tunauziwa mbuzi kwenye gunia?
Mkulima, Manyoni

JIBU: Jina la mkoa peke yake lisikutie hofu. Tarehe 1 Julai 2025 Vietnam ilishusha idadi ya mikoa yake kutoka 63 hadi 34, yaani mikoa 28 na majiji 6 yenye hadhi ya mkoa. Bình Phước, wanakobangua korosho nyingi, iliunganishwa na jirani yake Đồng Nai, makao makuu yakiwa Biên Hòa.

Kinachokupasa kutazama ni namba ya mlipakodi. Ina tarakimu 10, ndiyo hiyo hiyo namba ya usajili wa kampuni, na haibadiliki mkoa ukibadilika jina. Kampuni zilizosajiliwa Bình Phước namba zao zinaanza na 38, za Đồng Nai 36. Linganisha karatasi ya mwaka juzi na ya sasa, tarakimu kwa tarakimu. Zikilingana zote, ni yule yule. Ukiona mkia wa tarakimu 3 baada ya kistari, hilo ni tawi. Jina likiwa lile na namba nyingine, hapo simamisha mzigo kwanza uulize.

Kuhusu anwani: siku hiyo hiyo ngazi ya wilaya ilifutwa nchi nzima. Sasa unaandika namba na mtaa, kisha kata (xã ya kijijini, phường ya mjini), kisha mkoa, basi. Anwani yenye neno huyện, yaani wilaya, ni ya zamani. Kata nazo zilipungua kutoka 10,035 hadi 3,321. Kwa wastani kata tatu zimekuwa moja, na mara nyingi jina lililobaki ni la moja tu kati ya hizo. Hapo ndipo dereva wa kontena anapopotea: anafika kata sahihi kwa jina, kumbe ghala liko kwenye iliyokuwa kata ya jirani. Mwombe mnunuzi akuandikie anwani zote mbili, ya zamani na mpya, pamoja na namba ya simu ya ghalani.

SWALI: Nasikia si mara ya kwanza Vietnam kubadili mikoa yake. Waliunganisha, wakagawa, wameunganisha tena. Kwani hawajui wanachotaka?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Walijua, ila walichotaka kilibadilika. Vita vilipokwisha mwaka 1975, viongozi walitaka mikoa mikubwa inayojitosheleza kwa kilimo na viwanda, na watumishi wachache. Kufikia 1976 ikabaki 38. Bình Dương, Bình Long na Phước Long zikawa mkoa mmoja, Sông Bé, jina la mto upitao huko.

Ukubwa ndio uliowashinda. Bình Trị Thiên ilikuwa mikoa mitatu iliyofungwa pamoja, makao yakiwa Huế, na barabara za wakati ule zilikuwa mbovu. Cao Lạng, mpakani na China, iligawanywa mwishoni mwa 1978, wiki chache kabla ya vita vya mpakani vya Februari 1979. Baada ya mageuzi ya uchumi ya 1986 mgawanyo ukaja kwa mafungu: 1989, 1991, 1997, 2004, hadi ikafika 64. Sông Bé ilivunjwa 1997, na ndipo Bình Phước ikazaliwa. Jina lake ni Bình Long na Phước Long kwa pamoja. Mwaka 2008 mkoa wa Hà Tây ukamezwa na Hanoi, ikabaki 63.

Huku kwetu mwelekeo umekuwa wa kugawa zaidi: Jimbo la Kati lilizaa mikoa ya Dodoma na Singida, na Kondoa yenyewe ikaizaa Chemba.

SWALI: Cheti cha mgeni wetu wa chuoni kinasema amezaliwa Hà Nam Ninh. Kwenye ramani hakuna. Fomu tuijazeje?
Karani, Dodoma mjini

JIBU: Andikeni kama kilivyo kwenye cheti, msikisahihishe. Mkoa huo ulikuwepo kuanzia mwishoni mwa 1975 hadi mwishoni mwa 1991, ulipogawanywa kuwa Nam Hà na Ninh Bình. Mwaka 1997 Nam Hà nayo ikawa Hà Nam na Nam Định. Mwaka 2025 zote tatu zikarudi pamoja, safari hii kwa jina la Ninh Bình. Fomu ikidai mkoa wa sasa, ni Ninh Bình. Ikidai ule wa kati ya 1997 na 2025, soma jina la wilaya kwenye cheti: Lý Nhân ni Hà Nam, Hải Hậu ni Nam Định, Kim Sơn ni Ninh Bình.