Meno mawili ya kwanza, dawa kiasi gani?

SWALI: Mwanangu wa miezi 8 ameota meno mawili ya chini. Nimpige mswaki kwa dawa yetu ya meno? Mama, Arusha.

JIBU: Anza leo, mama. Mpakate, kichwa kiegemee kifua chako, vuta mdomo wa chini kwa kidole, usugue taratibu pale jino linapokutana na ufizi. Utando mweupe hujificha hapo. Asubuhi na kabla ya kulala.

Dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayokinga meno yasioze) iwe kama punje ya mchele tu, hadi miaka 3. Ikandamize ndani ya brashi asiilambe, kisha futa povu kwa kitambaa. Bado hajui kutema, na floraidi nyingi ikimezwa huacha madoa kwenye meno ya ukubwani, yanayojengeka tayari ndani ya taya. Maji ya visima vingi vya Arusha yana floraidi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi. Mweleze daktari wa meno mnachota wapi.