Viza ya kutembea, kazi ya kulea?

SWALI: Shangazi, nina miaka 25, naishi Kisauni. Familia moja ya Ujerumani inanitaka nikawalelee watoto. Wakala anasema niende kwa viza ya kutembea, "mengine tutayapanga hukohuko". Nimeshamlipa nusu.

JIBU: Mwanangu, usimwongezee hata shilingi. Viza ya kutembea hairuhusu kazi. Omba ya au pair, yaani kijana anayekaa na familia ya ugenini akiwasaidia kulea watoto: uwe hujafikisha miaka 27, na ujue Kijerumani cha kuanzia, yaani A1. Hapo ndipo wengi hukwama. Ofisa dirishani anakuuliza kwa Kijerumani unakaa wapi, nawe unatabasamu tu! Mkataba useme saa zisizozidi 30 kwa wiki na euro 280 za matumizi kila mwezi. Huo si mshahara, lakini chumba na chakula ni juu yao. Darasa uanze Jumatatu hii.