Ripoti ya kwanza ya fizikia: chukua mtungi
Umeuliza ripoti yako ya kwanza ya fizikia iwe juu ya upinde wa mvua au athari ya Mpemba; mimi nisingechukua hata moja. Upinde hauji kwa miadi. Ya Mpemba, maji ya moto kuganda kabla ya maji baridi, ni ya kwetu kabisa (Erasto Mpemba alikuwa Mtanzania), ila tangu ichapishwe 1969 wanafizikia bado wanabishana. Chukua mtungi wa udongo, ueleze unavyopoza maji. Maji hupenya vitundu vya udongo, hugeuka mvuke kwa nje, na kila gramu inayoondoka huchukua joto la jouli 2,400 hivi. Weka mtungi na ndoo ya plastiki, vyote vikiwa na maji, kivulini, upime halijoto ya maji kila nusu saa, kisha urudie mbele ya feni (hapo ndipo penye utamu). Kama uko Dar wakati wa masika, tofauti itakuwa ndogo kwa sababu ya unyevu hewani, iandike vilevile.