Ukoo mzima jangwani: anzeni na miguu ya Bibi

Koo zetu za ughaibuni zikikutana, mara nyingi ni ukumbini: pilau, spika kubwa, na vijana wamekaa pembeni wanachezea simu. Sisi tumetawanyika Minnesota, Texas na Toronto, na tuliamua kukutana Joshua Tree, hifadhi ya taifa iliyo jangwani kusini mwa California, mwendo wa kama saa mbili na nusu kwa gari kutoka Los Angeles. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,200 hivi, unakaribiana na Mikumi, ila huku hutafuti simba. Unatembea kwa miguu katikati ya majabali na ile miti ya ajabu iliyoipa hifadhi jina.

Kama na nyie mnawaza safari ya namna hiyo, anzeni kupanga na yule mwenye miguu dhaifu kuliko wote. Kwetu alikuwa Bibi, na baada yake mtoto aliyekuwa amejifunza kutembea juzi tu. Vijana msiwapangie, mlima watautafuta wenyewe.

Ubishi wa kwanza utakuwa tarehe. Wenye watoto wa shule watataka Julai. Kataeni, hata kama anayetaka ni mjomba mwenye mchango mkubwa. Kiangazi joto la pale hupita nyuzi 38 na kivuli ni cha kubahatisha. Msimu mzuri ni kuanzia Oktoba hadi Mei. Sisi tulichukua Novemba, wiki ya Sikukuu ya Shukrani, maana Wamarekani wengi wanakuwa mapumzikoni. (Wa Toronto wao sikukuu hiyo huifanya Oktoba, kwa hiyo waliomba ruhusa kazini huku wananung'unika.) Mchana mnavaa shati jepesi, usiku mnatafuta sweta na blanketi. Waambieni mapema wanaodhani jangwa ni joto saa zote.

Ndani ya hifadhi hakuna hoteli, mgahawa wala kituo cha mafuta. Wazee na wenye watoto wachanga wakodishiwe nyumba Twentynine Palms, mji ulio mlangoni upande wa kaskazini. Vijana wanaotaka mahema wana kambi ya Sheep Pass, ambayo ni ya makundi tu. Nafasi hukatwa mapema kwenye mtandao, choo ni cha shimo, na maji hakuna.

Hapo kwenye maji niruhusuni nikae kidogo. Hifadhi inashauri angalau lita nne kwa mtu kwa siku, na zaidi kwa anayepanda mlima. Ukoo wa watu ishirini ni lita 80, yaani madumu manne ya lita ishirini kila siku, na bomba yako sehemu chache sana, hasa pembezoni. Jazeni madumu usiku kabla ya kulala. Asubuhi kila mtu anaita, mtoto analia, na jambo la maana ndilo husahaulika. Kisha kuna hili linalotuponza sisi watu wa pwani: tumezoea kulipima joto kwa jasho. Dar ukitembea hatua mia shati limelowa, unajua ni wakati wa kunywa. Jangwani hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona, nawe unajiona mzima wakati mwili unaishiwa. Usingoje kiu. Wanyweshwe wote kwa saa, wazee na watoto kwanza, na kuwe na kitu cha chumvi mkononi. Karanga za kukaanga zinatosha. Chupa ikifika nusu, geuzeni, hata kama kilele kinaonekana.

Njia za kutembea chagueni kwa tabaka. Cap Rock ni mzunguko wa zaidi kidogo ya nusu kilomita, ardhi ni tambarare, hata kiti cha magurudumu kinapita. Hidden Valley ni kilomita moja na nusu hivi, bonde lililozungukwa na majabali pande zote, lina ngazi za mawe hapa na pale, na watoto hawataki kutoka. Mwenye goti bovu asilazimishwe. Wanaotaka kutoka jasho wapande Ryan Mountain: kwenda na kurudi ni kama kilomita tano, mpando ni mita 320, na njiani hakuna kivuli, kwa hiyo waanze alfajiri. Halafu ukoo wote ukutane Keys View. Gari linafika karibu kabisa na mahali pa kutazama, kimo ni kama mita 1,580, na chini unaliona bonde la Coachella na ule ufa wa San Andreas unaosababisha matetemeko ya ardhi. Bibi alitembea hatua chache tu na akaona mbali kuliko waliolipanda kwa mikono jabali lenyewe la Cap Rock. Picha ya ukoo ipigeni hapo, mkiwa na koti la upepo.

Simu hazishiki mtandao sehemu kubwa ya hifadhi. Kwa ukoo uliozoea kusema "nipo njiani" ukiwa bado bafuni, hili ni tatizo la kweli. Ramani ipakueni nyumbani. Mahali na saa ya kukutana viandikwe kwenye karatasi, kila gari nakala yake. Kwenye njia, mtu mzima mmoja awe mbele na mwingine nyuma, mtoto asimpite wa mbele, na kila mtoto avae filimbi shingoni, kwa sababu majabali yale yanafanana na ni rahisi kupotea ukitoka njiani kidogo tu. Maegesho ya Hidden Valley hujaa mapema wikendi. Tokeni nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Atakayechelewa asubiri Keys View.

Kuna mmea unaitwa cholla, aina ya dungusi wenye manyoya ya kupendeza machoni. Ni miiba mitupu, na ukiugusa kipande kinakatika na kung'ang'ania mwilini. Usikitoe kwa vidole. Pitisha chanuo katikati ya kipande na ngozi, ukinyanyue. Kwa bahati chanuo la nywele halikosekani katika pochi ya shangazi yeyote. Ndala zibaki nyumbani, wavae raba. Soda nazo zifunikwe, maana nyuki wa jangwani wana kiu kuliko nyie.

Chakula kiwe cha kushika mkononi: chapati, mayai ya kuchemsha, maandazi, chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto. Pilau liwasubiri nyumbani. Wanaoswali walitandika kanga kando ya maegesho.

Mkiwa na nguvu, rudini jioni moja kutazama nyota. Tangu 2017 hifadhi hii inatambuliwa kimataifa kwa giza lake. Novemba Kilimia kinaonekana mapema usiku, na Bibi ndiye aliyekitambua kabla ya yule mpwa mwenye programu ya nyota kwenye simu. Tulisahau baridi kwa muda, akieleza jinsi wakulima wa kwao walivyokuwa wakikitumia kujua wakati wa mvua.

Kuhusu fedha, teueni mweka hazina asiye na aibu. Kiingilio hulipwa kwa gari na kinadumu siku saba, kwa hiyo jazeni magari machache yenye nafasi badala ya kila familia kuja na lake. Michango ifungwe mwezi mzima kabla ya safari, na ahadi za "nitatuma nikifika" zisihesabiwe.