Manjano ya mtoto mchanga: anza na kundi lako la damu

Mjamzito akiniuliza aandae nini, simtajii kanga wala beseni kwanza. Namwambia afungue kadi ya kliniki aangalie kundi lake la damu. Mimi ni O, baba watoto ni B, na mtoto wetu wa pili akachukua B ya baba yake. Hajatimiza saa 24, macho yameshakuwa ya njano.

Muda manjano yalipoanza ndio wa kukumbuka. Watoto wengi hupata manjano siku ya pili au ya tatu: chembe nyekundu za damu huvunjika kwa wingi, na ini changa halijaweza kuiondoa yote bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na chembe hizo. Kwa aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi yake, hayo huisha ndani ya wiki mbili hivi. Yakianza siku ya kwanza, usisubiri hata kidogo. Huenda kingamwili za mama zinavunja damu ya mtoto wa kundi tofauti, kama ilivyokuwa kwetu, au kuna maambukizi. Wewe mwenye Rh hasi (ile alama ya kutoa kwenye kundi la damu, mfano O-), ulizia mapema sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kingamwili za aina hiyo.

Wengine wa kuangaliwa kwa karibu ni njiti, aliyevilia damu kichwani wakati wa kuzaliwa, na ambaye ndugu yake aliwahi kuwekwa kwenye taa za kutibu manjano. Pia asiyenyonya vizuri, maana bilirubini hutoka na choo. Kwa hiyo dang'a isimwagwe, na maji ya glukosi muachane nayo.

Kuna hili la naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini. Huku kwetu pwani wapo watoto wengi wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na nguo zilizokaa na naftalini zinaweza kuvunja damu yao vibaya sana. Nguo za mtoto zihifadhiwe bila dawa yoyote.

Bibi zetu watasema muanike jua la asubuhi. Nawaheshimu, lakini jua hilo halichukui nafasi ya taa za bluu za hospitali. Bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kupoteza usikivu au kupooza.

Kwa ngozi nyeusi, tazama weupe wa macho na fizi mchana, penye mwanga. Manjano yakipita wiki mbili, au choo kikiwa cheupe kama chaki, rudini hospitali: mirija ya nyongo ikiwa imeziba, upasuaji hufaa zaidi kabla ya siku 60.